Shuka Juu ya Kamera

Gari lenye kamera juu ya paa lilipoingia soko la Tala kupiga picha za ramani ya mtandaoni, Kasyoki, muuza mitumba, aliinua shuka kubwa mbele yake kama pazia, akaziba njia. Alikuwa amejificha hapo miaka miwili, mbali na mume aliyemvunja mkono.

"Mama, songa! Sura yako itafutwa kwenye picha," dereva alisema.

"Yule ananijua hata kwa mgongo. Mgongo nao utaufuta?"

Akapanda kreti, akaifunika kamera.

"Hiyo ni mali ya kampuni!"

"Na mimi si mali ya mtu. Endesha."

Akatembea kando ya gari, ameshika pindo la shuka, mpaka mwisho wa soko.

"Uitoe shuka ukifika mji wa Kangundo," akasema. "Huko piga picha za mawe, si za watu."