Tumbo la Ukoo Wetu

Kila asubuhi nilifuta lensi za darubini kwa pamba kabla ya kugusa kitu kingine. Asubuhi ile nilikuwa kwenye lensi ya pili, papa mukubwa Hitimana, kaka yake baba, akaingia maabara bila kubisha, viatu vyake vimejaa vumbi jeusi la lava.

"Uwizeye, andika karatasi. Andika kama baba yako alikufa na karuho. Chefu wa kartie anataka kashe, muhuri wa hospitali. Jumapili, siku ya Mungu, Mukashyaka anatoka kwa parcelle, kwa nyumba ya ukoo."

Karuho ni sumu ya polepole. Kwetu Goma husingiziwa kila tumbo lisilopona. Mukashyaka ni mke wa pili wa baba. Alinilea tangu nina miaka minne, na ndiye aliyempikia baba, na kabla ya baba alimpikia shangazi Pascasie, dada yake. Baba na shangazi wote walikonda, wakawa wanashiba kwa vijiko viwili, wakafa.

Nilitaka kukataa. Nikasema, "Nitaona, papa."

Alipotoka nilimwendea muzee Gauthier, mkuu wa maabara. Januari, volkano ilipoteketeza maabara ya zamani, alikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na kopo la maziwa lililojaa vioo vya darubini vyenye vipande vya matumbo ya wagonjwa. "Wengine walibeba magodoro," hupenda kusema. "Mimi nilibeba matumbo ya watu."

Ndani ya kopo tulikipata kioo cha shangazi, cha mwaka 1996. Waasi waliingia mjini kabla hatujachukua majibu. Cha baba kilikuwapo pia, kilichotengenezwa siku chache kabla ya lava. Hakuna aliyekuwa amekisoma.

Nilivitazama kimoja baada ya kingine. Seli zilikuwa zile zile: zimevimba kwa ute, kiini kimesukumwa ukingoni, kila moja mfano wa pete yenye kito. Hazikukusanyika kuwa uvimbe. Zilitawanyika mojamoja ndani ya ukuta wa tumbo, ndiyo maana daktari alipochungulia tumboni kwa mrija hakuona kidonda. Nilisahau hata kunywa chai.

"Hii ni kansa ya nadra," Gauthier alisema. "Kuna ukoo mumoja wa Wamaori, kule Nyuzilandi. Walikuwa wanakufa vijana, wengine wanasema ni laana. Wakaandika wafu wao wote, wakaita wanasayansi. Mwaka wa 98 kosa likapatikana ndani ya jeni. Linarithiwa."

"Sisi tutalipima namna gani?"

"Mashine hatuna, mama. Mudomo unao. Uliza wazee wenu nani mwingine alikufa na tumbo."

Jumapili wazee wa ukoo walikaa sebuleni kwetu, mtaa wa Katoyi. Mukashyaka alisimama mlangoni, nguo zake zimefungwa tayari ndani ya kitenge.

"Papa mukubwa, nyanya wa Masisi, mama yenu na baba, alikufa na nini?"

"Tumbo. Unajua."

"Alikuwa anakula?"

"Vijiko viwili, anasema ameshiba." Hitimana alinigeukia. "Unatafuta nini, weye mutoto?"

"Ilikuwa mwaka gani?"

"Cinquante-huit, hamsini na nane. Mbele ya uhuru."

"Mimi nilizaliwa soixante-et-un, sitini na moja," Mukashyaka alisema polepole kutoka mlangoni.

Hitimana hakumtazama. Alinyoosha mkono kwangu. "Karatasi iko wapi?"

"Siiandiki," nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuizoea. "Mama yangu hajaua mutu. Ugonjwa huu unatoka kwetu, papa mukubwa. Unaweza kuwa ndani yako. Unaweza kuwa ndani yangu."