Mkono Unaosukuma Chupa

Makapeni, kalamu yake ya wino mzito, ilikuwa imekauka. Jovitha alichovya ncha yake kwenye tone la spiriti, akamalizia kuchora vidole vya mkono. Alikuwa amepiga magoti juu ya saruji, boksi la vitenge limekunjuliwa mbele yake. Juu ya boksi, mtu aliyemchora alisukuma chupa mbali naye.

"Anafanya nini huyu?" aliwauliza makuli sita waliomzunguka.

"Anakataa," alisema Zakayo, mkubwa wao kwa umri. "Humo si maji. Wamemimina dawa ya wadudu."

"Umejuaje?"

"Mkono, mwalimu. Mkono unasema."

Wenzake wakampigia makofi. Zakayo hakujua kuandika hata jina lake, lakini alikuwa anasoma.

Kwa miaka tisa Jovitha alifundisha hivyo bila malipo, mchana makuli wa Kariakoo wanapopumzika. Kibaraza kilikuwa cha duka la Mzee Tulsidas. Mzee huyo ndiye aliyempa maboksi, na kila siku alisahau kwa makusudi kikombe cha chai karibu naye.

Mwanzoni Jovitha alichora alama ya X juu ya vitu vya hatari. Makuli hawakushtuka. Kwao, robota lililopigwa X nyekundu limekaguliwa, liko sawa, beba. Ndipo akaacha X, akachora mikono.

Kisha alikuja Gaudens, afisa wa mradi wa elimu ya watu wazima. Alizitazama picha moja moja, akazichukua zote.

"Nafasi ya mwezeshaji ni yako, mama. Hii sasa ni ajira."

Jovitha aliwaaga watu wa Buguruni aliokuwa akiwafulia nguo. Walikuwa wameshaweka mfuaji mwingine siku Gaudens alipomwita ofisini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tatizo ni mfumo. Fomu haiendi bila cheti cha kidato cha nne."

"Nilikwambia siku ya kwanza kwamba niliishia la saba."

"Ulisema. Nilidhani unajishusha tu."

Jovitha alitazama mikono yake. "Na picha zangu?"

"Zimepita! Wataalamu wamezipenda mno. Wamezirekebisha kidogo, ziwe za kisasa." Alisogeza karatasi. "Saini hapa kwamba umezitoa kwa hiari. Usiposaini zitabaki kabatini, na makuli wako ndio watakaoumia."

Akasaini. Husna, binti wa mapokezi, alimletea maji ya kunywa, akamshika mkono mpaka mwisho wa ngazi.

Wiki ya tatu baada ya hapo, bango lilibandikwa ukutani mkabala na duka. Jovitha alimtambua mtu wake kwa mbali: kofia ile ile, shati lile lile lenye kiraka. Lakini sasa mkono ulikuwa umeinua chupa mpaka mdomoni, na juu yake imepigwa X kubwa nyekundu.

Zakayo alisimama chini ya bango akiwasomea makuli wawili wageni.

"Mnaona mkono? Anakunywa. Na hiyo X? Imekaguliwa. Chupa zilizozagaa hovyo hapa Kariakoo zilikuwa na sumu, sasa wamezipitia." Alimwona Jovitha, uso ukang'aa. "Mwalimu! Picha yako imefika ukutani!"

"Zakayo, sivyo. Wameibadilisha."

"Wabadilishe vipi? Huyu si mtu wako?"

Jovitha alianza kubandua bango kwa kucha. Kona moja ilipoachia, mgambo alimshika kiwiko.

"Mama, unaharibu mali ya mradi."

"Nimeichora mimi."

Mgambo aliinama, akasoma maandishi ya chini. "Hapa wameandika wadau wa jamii. Wewe unaitwa nani?"

"Jovitha."

"Hakuna Jovitha."

Akairudisha ile kona, akaisugua kwa kiganja mpaka ikashika.

Jovitha alitoa makapeni mfukoni, akajaribu kuchora mkono pembeni, mdogo tu, unaosukuma. Ilikwaruza. Haikuacha wino.

"Jua limekupiga, mwalimu," alisema Zakayo kwa upole. Chini ya ukuta kulikuwa na chupa isiyo na lebo. Aliiokota, akafungua kifuniko, akafuta mdomo wa chupa vizuri kwa pindo la shati lake safi, akamtazama yule mtu wa ukutani kuhakikisha.

Kisha akamnyooshea Jovitha chupa. "Anza wewe," alisema.