Matandiko ya Watasema

Mie sina subira, ndivyo nilivyozaliwa. Bwana Afya aliponiambia Jumatatu asubuhi kwamba mbwa wangu atapigwa risasi Jumamosi, nilimkamata shati. Ndiyo, mtu wa serikali, mbele ya nyumba yangu hapa Temeke, majirani wakichungulia. Mdogo wangu Albano alikuja mbio akanibandua vidole kimoja kimoja.

"Mama, si mie," Bwana Afya akasema huku akinyoosha kola. "Kuna mtu kalalamika. Mbwa ana upele, na upele utawaambukiza watoto. Amri ndiyo hiyo, labda Bwana Mifugo aandike kwa mkono wake kwamba si upele."

Mlalamikaji nilimjua: Jovina wa nyumba ya pili, mwenye watoto wanne wadogo. Nilimsema siku nzima, lakini moyoni nilijua ningekuwa mie ningefanya vilevile. Mbwa wangu huyo, jina lake Watasema, alikuwa anatisha. Tumbo lilinyonyoka manyoya likawa jekundu, kwapani vidonda, vidole vya miguu amevilamba mpaka vikavimba. Mchana alikuwa anakaa nyuma ya mlango wangu na kujikuna, mguu ukigonga ubao: ta-ta-ta-ta. Kila nikisikia mlio ule nilikuwa naumia mie.

Jina alimpa marehemu mume wangu, Fransis, siku aliyomleta akiwa kitoto ndani ya kofia. "Watasema tumekosa watoto sasa tunalea mbwa," aliniambia, "basi tumwite hivyohivyo." Tulicheka mpaka machozi. Fransis ana mwaka wa pili kaburini sasa, na aliyebaki wa kunisubiri mlangoni nikitoka kanisani ni huyo mbwa. Sioni haya kusema, nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Na si kwamba tulikaa tu. Tulimpaka salfa na mafuta ya nazi mpaka ua mzima ukanuka. Tukampaka oili chafu ya lori. Tukamwogesha maji ya mwarobaini. Kila nikimaliza kumwogesha, Albano, kama alivyozoea tangu kabla ya ugonjwa, alimfagilia kona yake uani akamtandikia maranda mapya ya mpingo, pamoja na vumbi lake. Albano ni mchonga vinyago kama baba yetu kule Newala, na kwetu wachongaji wote wanajua kwamba mpingo hauguswi na mchwa. Basi mdudu gani atathubutu kukaa humo? "Hii ndiyo dawa yenyewe, dada," alikuwa ananiambia. Watasema alijilaza juu ya matandiko yale laini, nami nikafurahi.

Bwana Mifugo alifika Jumanne kwa baiskeli, mwanamume mwembamba wa Bukoba aitwaye Kamugisha. Alimkwangua Watasema ngozi kwa kisu butu, akapaka alichokikwangua kwenye kipande cha kioo, akaenda kukitazama kwa hadubini ya ofisini. Jumatano akarudi.

"Wadudu sikuwaona," alisema.

"Haya! Andika!"

"Ngoja, mama. Wadudu wa upele ni wadogo mno, wanajificha ndani ya ngozi. Kutowaona si kwamba hawapo." Akachuchumaa, akalikunja sikio la Watasema na kulisugua ukingo. Mbwa mwenye upele, alisema, ukimfanyia hivyo mguu wa nyuma huanza kukuna wenyewe. Mguu wa Watasema ulitulia tuli. Kamugisha akakuna kidevu. "Na nyie humu ndani, kuna anayewashwa?"

"Hakuna," nikasema.

Albano alirudi nyuma hatua moja. Nikamtazama. Mtu ambaye miaka yote alichonga kifua wazi, siku hizi na jua kali la Februari havui shati la mikono mirefu! Nikamdaka mkono, nikapandisha shati kabla hajakimbia. Vipele vitupu, kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi, dada. Niliogopa watasema kaniambukiza mbwa, wamuue."

Kamugisha alishatoa kalamu, uso kauinamisha. "Pole sana, mama. Upele wa mbwa humrukia mtu. Siwezi kuandika uongo."

Hapo hasira ikanipanda kichwani. Nilipiga kelele mpaka kwa Jovina wakasikia. "Upele gani huo wa kuchagua watu? Anayemwogesha ni mie, kwa mikono hii mitupu! Kila siku kichwa chake kipo mapajani mwangu! Huyu Albano hata kumshika hamshiki, anamtandikia tu! Mbona mie sina hata kipele kimoja?"

Kalamu ya Kamugisha ikabaki hewani. Alinishika mikono akaigeuza huku na huku. Kisha akamwendea Albano, akamtazama katikati ya vidole, ambako upele hupenda kuanza: safi. Shingoni, vipele. Kwenye kope, vipele.

"Anamtandikia nini?" akauliza polepole.

Tulimpeleka uani. Watasema alikuwa ameshajilaza kwenye kona yake, tumbo na kwapa na vidole vimezama kwenye vumbi jeusi.

"Mgongoni manyoya mazima," alisema Kamugisha. "Ngozi imeharibika pale tu inapogusa maranda. Na wewe, ndugu yangu, vumbi linakurukia mikononi na usoni. Mti unaomshinda mchwa unadhani hauna ukali?"

Albano alikaa chini palepale akalia. "Kumbe ni mie," alisema. "Siku zote ni mie ninayemuumiza." Nilitaka kumgombeza, nikaacha. Nikamwambia anyanyuke, alete ufagio.

Kamugisha aliandika kwamba kwa maoni yake si upele, ni vumbi la mti, na akaomba siku kumi na nne. "Jina langu lipo hapo, mama," aliniambia. "Nikiwa nimekosea, nimekosea mbele ya wakubwa wangu."

Albano alihamishia kazi mwisho wa ua, akawa anaoga kabla ya kuja kula. Watasema akalala juu ya gunia nililolifua mwenyewe. Salfa basi, oili basi, maji na sabuni kidogo tu. Siku ya nne bado alikuwa anajikuna, nami nikamtukana Kamugisha kimoyomoyo. Siku ya nane nilikuwa jikoni nikashtuka kwamba tangu asubuhi mlango haujagongwa. Sikumwambia mtu.

Siku ya kumi na nne Bwana Afya alikuja na askari, bunduki begani. Kamugisha alikuja, Jovina naye akasimama kando na mtoto mgongoni. Mie nilitoka, nikafunga mlango nyuma yangu.

"Karibuni," nikasema kwa sauti.

Nyuma yangu mlango ukaanza: ta-ta-ta-ta.

Bwana Afya akakunja karatasi yake. "Mama, bado anajikuna."

Kamugisha alitazama chini. Nikausukuma mlango, maana ningefanya nini tena?

Watasema alikuwa amesimama kwa miguu yote minne, tumbo limeota manyoya mafupi laini. Hakuwa anajikuna. Alikuwa amefurahi kusikia sauti yangu, kama alivyokuwaga enzi za Fransis, furaha ambayo kwa miezi mingi hakuionyesha mpaka nilishaisahau.

"Ni mkia," nikamwambia Bwana Afya huku nalia. "Ona, baba. Ni mkia huo."