Oke ya Cynthia

Kabibi aliingia dukani kwa Bhanumati, akasukuma simu juu ya meza ya vitambaa hata kabla ya salamu.

"Mama Akash, wewe una mtoto ng'ambo. Hebu nisomee hii."

"Na wewe mwenye diploma, huwezi kusoma?"

"Soma bwana!"

Bhanumati akavaa miwani. Kabibi alikuwa amemwandikia bintiye aliyeko Doha: Hanga la babako ni Disemba. Utakuja? Chini yake Cynthia alijibu neno moja: Oke.

Kambi, mumewe Kabibi, alipozikwa, Cynthia alinyimwa ruhusa kazini. Sasa lilibaki hanga, matanga ya mwisho ya kumaliza msiba, na Kabibi alitaka mwanawe naye asimame penye kaburi la babake kule Sabaki. Kwa oke ile wazee walishapanga siku.

"Wangu nikimwuliza kama amekula, oke," alisema Bhanumati. "Yaani niache. Nikimwambia babake anaumwa, oke. Yaani amesikia. Nikimwambia nimemkumbuka, oke vilevile. Hiyo mpaka leo sijaielewa."

"Kwani neno lenyewe limetoka wapi?"

"Akash anasema Marekani, zamani. Mzaha wa magazeti. Walifupisha 'sawa kabisa' ya Kiingereza kwa herufi za makosa, O na K, watu wacheke."

"Mzaha! Na mimi nimealika ukoo mzima."

Akapiga simu pale pale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema kwa mdomo. Waja?"

"Likizo wamekataa, mama. Mpaka mkataba uishe, Aprili."

"Mbona uliandika oke?"

"Nilitaka upate usingizi."

Nyumbani Muyeye, godoro la Cynthia lilikuwa limeanikwa juani tangu asubuhi.

"Basi nitawaambia wazee Aprili."

"Aprili ni mvua, mama. Watakukasirikia."

"Tutakodi turubai. Wakasirike wakiwa wakavu."

Cynthia akacheka, na kicheko kikageuka kwikwi. Nyuma yake, kule Doha, mwanamke akaita kwa ukali.

"Naitwa, mama. Umesema Aprili?"

"Aprili. Babako hana haraka. Mwenye haraka ni mimi."

Simu ikakatika. Kabibi hakuiondoa sikioni. Bhanumati akamvutia kiti, akaenda kumhudumia mteja mwingine.