Zamu ya Jumamosi

Mnadi alikuwa na sauti ya kuuza hata jeneza lililokwisha kutumika, na mnunuzi akaomba risiti. Kwa miaka thelathini alisimama juu ya viti vya watu akinadi makabati, majokofu na magari yaliyokata roho, wala hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Alikishika siku moja tu, siku ya mazishi ya mama yake. Alimnyooshea kidole mdogo wake mbele ya waombolezaji wote, akasema: "Huyu alimwacha mama afe peke yake, akaenda kupika kahawa."

Neno likishatoka halirudi. Ndugu wale hawakusemezana miaka sita.

Sasa Mnadi alikuwa na uvimbe kooni. Daktari hakuzunguka mbuyu: kesho asubuhi ni upasuaji, uhai utabaki, sauti itaondoka. Leo saa nane mchana alitakiwa awe kitandani hospitalini. Lakini saa tatu asubuhi, begi likiwa bado wazi, alimwambia binti yake ampeleke katikati ya mji, kwenye mkahawa wa mdogo wake.

"Si umwandikie barua, baba?" binti aliuliza. Alikuwa mshonaji, mtu wa kupima kabla ya kukata. "Au nimpigie simu, nimwambie unaumwa."

"Usithubutu." Sauti ilikuwa mkwaruzo tu, kama ufagio juu ya saruji. "Nilimchafua kwa mdomo, nitamsafisha kwa mdomo. Na ugonjwa usiutaje. Atanihurumia, nami nitaondoka na huruma nikidhani ni msamaha."

Mkahawa ulibanwa kati ya duka la miwani na ofisi ya wakili. Ulikuwa na meza tatu, kaunta ya mbao na mashine ya espreso iliyosuguliwa hadi ukijitazama unajiona umenenepa. Watu walivuka mitaa minne kufuata kikombe kidogo kama kifuniko cha dawa ya kikohozi. Walikinywa wima, wakafumba macho kidogo, wakarudi kazini wakiwa watu wengine. Binti hakuwahi kukanyaga pale. Tangu mazishi, akiuona tu mlango ule alivuka barabara. Baba alisema, na baba hakosei.

Baba Mdogo aliinua macho. Mkono wake ulisita juu ya kitambaa.

"Karibu, mzee. Vikombe viwili?"

Mzee! Miaka sita tu, na kaka mtu ameshateremshwa cheo akawa mzee wa barabarani.

"Mdogo wangu," Mnadi alianza, "nimekuja..."

Kinu cha kahawa kikanguruma. Pale kahawa husagwa kikombe kwa kikombe; haisagwi mapema ikalala, na ndiyo sifa ya mahali penyewe. Sauti iliyowahi kuyashinda malori ikamezwa nzimanzima. Kinu kilipotulia Mnadi alifungua mdomo tena, mdogo wake akakung'uta machicha ya kahawa: ko, ko, ko. Kisha mvuke ukapiga mluzi.

Vikombe vikaja, kahawa nyeusi nzito, juu povu la rangi ya asali. Binti alionja. Uchungu ulimshika ulimi kwanza, halafu utamu ukaja nyuma polepole, kama mgeni mwenye haya. Alikasirika kwamba ilikuwa nzuri.

"Viwili tena," Mnadi alisema, angalau amzuie mdogo wake mbele yake. Kinu kikanguruma tena.

"Mzee, hapo unaagiza kelele," alitania karani wa posta aliyesimama nyuma yao. "Ukitaka kuongea na huyu bwana, agiza maji."

Watu wakacheka. Mnadi naye akacheka, mabega tu, bila mlio.

"Baba, niseme mimi," binti alinong'ona.

"Hayo si yako, mama."

Ikagonga saa nne. Kila alipoanza kulikuwa na mteja, na kila mteja alikuja na ngurumo yake. Ikafika mara ambayo binti aligeuka kutazama: safari hii hakuna aliyeagiza kitu. Baba Mdogo alikuwa amekodolea kinu macho, akisaga tu, unga wa kahawa ukifurika juu ya kaunta.

Mnadi akapiga kaunta kwa kiganja, kama alivyokuwa akifunga bei. Pa! Mkahawa mzima ukageuka.

"Bwana, zima," karani alisema taratibu. "Hakuna aliyeagiza."

Baba Mdogo akazima.

Mnadi hakumtazama mdogo wake. Aliwageukia watu, kama siku ile. Wakasogea ili wamsikie.

"Mimi ni kaka yake huyu. Nilisema mbele ya watu, nafuta mbele ya watu. Msibani nilisema alimwacha mama yetu afe peke yake. Tulikuwa tunamuuguza kwa zamu. Ile Jumamosi zamu ilikuwa yangu." Alivuta pumzi. "Yeye alikesha naye. Asubuhi akaja kufungua hapa, nilimwambia niko njiani. Sikuwa njiani. Nilikuwa na mnada, nikasema nitapita baadaye. Mama alikufa akinisubiri mimi. Huyu alijua, na hakunitaja kwa mtu."

Binti alishika ukingo wa kaunta. Alikumbuka barabara ile, na jinsi alivyokuwa akiivuka kichwa juu.

Baba Mdogo alifuta kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

"Sauti yako imefanya nini?"

"Kesho wanaitoa. Sikutaka ulijue hilo kwanza."

"Miaka sita nimepanga maneno ya kukwambia. Makali, yamenyooka. Sasa unaniletea koo bovu. Nimpige nani?"

"Nipige hivyohivyo."

Kikombe kikawekwa chini. "Sijakusamehe, kaka."

"Najua."

"Jamani, nafunga," Baba Mdogo aliwaambia wateja. Karani alimalizia kikombe chake akatoka na wenzake. Baba Mdogo akafunga mlango, akazunguka kaunta na kuketi upande wa wanywaji.

"Una mpaka saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi ongea."

"Niongee nini? Nimeshasema."

"Chochote. Hata uongo wako wa mnadani."

Mnadi, aliyewahi kunadi toka asubuhi hadi mchana bila kumeza mate, alimeza kwanza funda la kahawa iliyokwisha poa.

"Yule mwanao wa mwisho," alisema, "niliyemwacha anatambaa. Yuko darasa la ngapi?"

"La kwanza," Baba Mdogo alijibu, akasogeza kiti karibu zaidi, maana sauti ilikuwa imeanza kukatika.