Jicho la Aproni

Siku wafanyakazi wa kiwanda cha mafuta ya nazi walipogawiwa aproni mpya, hakuna aliyecheka mwanzo. Walizikunjua, wakazinyoosha mbele yao. Kisha Mumbua, aliyekuwa akibandika karatasi za chupa meza moja na Mishi, akasema, "Mbona linanitazama?"

Hapo chumba kizima kikaangua kicheko.

Tangu kiwanda kifunguliwe chapa yake ilikuwa dafu lililochongwa kichwa, na Malindi nzima mtu akienda dukani alisema nipe ya dafu, akapewa. Sasa wakubwa wa Nairobi wamelichoka dafu. Wamemtafuta mchoraji, naye kachora jani limelala ubavu, na katikati ya jani tone la mafuta, jeusi, la duara, lenye kidoa cheupe cha kung'aa. Yeye aliona jani na tone. Wenyewe wa pwani waliona jicho.

"Si jicho," alisema Kioko, msimamizi wao, kijana mpole wa Machakos. "Nimeelezwa ofisini. Jani ni afya, tone ni usafi."

"Basi afya yenyewe yakonyeza," akajibu mmoja kutoka nyuma.

"Msinitie mashakani. Bwana Maina wa makao makuu anakuja kesho Ijumaa. Anataka aproni ivaliwe kazini na njiani, kwenda na kurudi, watu waizoee chapa. Atakayeonekana bila yake asihangaike kurudi."

"Yaani tumekuwa mabango," Mumbua akasema. "Mimi mtu wa kanisa, sina habari na mambo ya husuda. Lakini hili litanihesabia matonge nikila."

Fondo, mpakiaji wa magari, aliifunga yake mgongoni, apate kuwaona wanaomsengenya.

Mishi alicheka na wenzake, kisha kicheko kikamkauka. Binti yake Shekha alikuwa amejifungua wiki ile. Kwa ada angezalia kwa mamake, lakini tangu Mishi afiwe na mume alishinda kazini, na nyumba yake haikuwa na mtu wa kumwangalia mzazi. Kwa hivyo Shekha alizalia kwa mama mkwe wake, Bi Kibibi, kule Muyeye. Fungu lililombakia Mishi katika ubibi wake lilikuwa moja: kila jioni akitoka kazini apite kumwogesha mtoto na kumkanda.

Jioni ile akapita, aproni kifuani.

"Hodi."

"Karibu, mkwe wangu, kari..." Bi Kibibi akaziba mlango kwa mwili wake. "Simama hapo hapo. Nini hicho?"

"Jani," alisema Mishi, akajisikia anasema kama Kioko.

"Jani lenye mboni?"

"Ni chapa ya kazini, mwenzangu."

"Mimi nimempaka mtoto wanja mpaka nyayoni, nyumba nimeifukiza hata paka kakimbia, wewe waniletea jicho ukubwa wa sahani?"

Mishi akaivua haraka, akaitundika uani. "Haya, nimelivua."

"Umelivua sasa. Umetembea nalo mji mzima, na kila mwenye lake la moyoni kalitazama. Limejaa hilo. Nenda ukaoge, uvae nguo nyengine, ndipo uje."

"Nikienda na kurudi magharibi itanikuta njiani." Na wote wawili walijua kwamba mtu wa nje haingii kwa mzazi baada ya magharibi mpaka arobaini iishe.

"Basi kesho."

Ndani mtoto alilia. Sauti ya Shekha ikatoka chumbani, "Mama, ni wewe?"

"Ni yeye," akajibu Bi Kibibi, "lakini hakuja peke yake."

Mishi alirudi kwake mikono mitupu. Aliposwali alikaa kwenye msala akalipima jambo. Husuda ipo, hilo hakuwa na shaka nalo, na kinga yake imo katika Kitabu, alikuwa akiisoma tangu utotoni, chuoni kwa mwalimu. Lakini husuda hutoka kwa mtu, haitoki katika rangi. Angeweza kumweleza Bi Kibibi haya mpaka kuche. Mlango ungebaki wa Bi Kibibi. Na akienda kazini bila aproni, mlango mwingine ungefungwa, ule wa kiwanda.

Akavuta kikapu mlimokuwa na kofia ya kiume aliyokuwa akiitarizi. Akatunga uzi mweupe, akalijaza lile tone mshono kwa mshono mpaka weusi ukapotea. Kisha akatia uzi mweusi, akashona kope fupi zilizoangalia chini. Jicho likafumba.

Asubuhi Mumbua aliinama akalitazama kwa karibu. "Mama Shekha, limelala."

"Usiliamshe."

Mchana wakati wa chakula meza ilijaa aproni. Wanawake walishona huku wakibishana kope za nani ndefu. Kioko alipoingia alishika kichwa. "Mtanifukuzisha." Akazunguka, akarudi, akainamisha sauti. "Mama Shekha, na yangu je? Mke wangu kaitoa nje. Imelala na kuku."

Alasiri Bwana Maina akafika. Alipita mbele ya safu yao, kila kifua na jicho lake limesinzia kama watoto wa bweni. Lililokuwa wazi ni moja tu, lile la kwenye tai yake. Akasimama mbele ya Mishi.

"Huu uzi ni wa nini?"

Mishi uwongo hakuuweza.

"Nimeshona mimi, bwana, na hawa wamefuata kwangu. Nina mjukuu mchanga, na kwetu jicho haliingizwi kwa mtoto. Nimeivaa njia nzima kama mlivyosema. Lakini likiwa wazi, sitaivaa."

"Lakini mama, hili si jicho."

"Sasa si jicho, bwana," akasema Mumbua. "Limefumba."

Mtu alikohoa ili asicheke. Bwana Maina akamgeukia Kioko. "Chupa zinauzika vipi?"

"Za dafu zimekwisha, bwana. Hizi mpya ziko zote ghalani."

"Zote?"

"Hata iliyovunjika tumeivunja wenyewe."

"Endeleeni na kazi," akasema Bwana Maina, akatoka, kiganja kikiwa juu ya tai. Chapa haikubadilishwa wiki ile wala iliyofuata, lakini hakuna aliyeambiwa afumue uzi.

Jioni Bi Kibibi alimkagua Mishi mlangoni kama askari wa forodha.

"Lasinzia, au limelala kweli?"

"Limelala."

"Na likiamka?"

"Si wewe utakuwa wa kwanza kuniambia?"

Bi Kibibi akapitisha ukucha juu ya kope. "Mkono wako mzuri, wallahi. Ingia."

Mishi akatanguliza bismillahi, akaketi, akanyoosha miguu, akalaziwa mjukuu juu yake. Alikuwa mwanamume, mzito kuliko umri wake. Hata maji hayajamgusa, mtoto akajinyoosha akakojoa, mkojo ukaruka juu ukaipata aproni pale pale kwenye jicho.

Bi Kibibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Shekha, mwanao kalimaliza."

Mishi akajifuta kidevu kwa pindo la leso, akamgeuza mtoto kifudifudi, akaanza na mgongo.