Sikio Lililoandikwa kwa C

Muuza mandazi aliinua mikono yote miwili, baiskeli ikamwangukia miguuni, na mandazi yakatawanyika mchangani. Mbele yake walisimama watu wa kijiji cha Msimbu na fimbo zao, Bi Hajira akiwa katikati na jembe begani. Juu ya nguzo, pembezoni mwa shamba la mihogo, king'ora kiliendelea kupiga kelele kana kwamba nchi imevamiwa. Watu walikuwa wamekuja kufukuza ng'ombe, wakakuta kitafunwa.

"Jamani, mimi nimepiga kengele tu," alisema yule bwana. "Kuku alikuwa njiani."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kabula hakucheka. Kidude kile kilichokuwa juu ya nguzo alikitengeneza yeye, na baba yake, mzee Magembe, alikuwa amesimama kando, ameegemea fimbo yake ya kuchungia, akitazama watu wanavyomcheka binti yake.

Ugomvi wa mihogo na ng'ombe ulikuwa wa muda mrefu. Magembe na wafugaji wenzake walitoka Usukumani na mifugo yao, wakapata malisho Kisarawe, na kila kiangazi majani yalipokauka mihogo ya watu ilianza kuliwa na asiyejulikana. Safari hii mkutano wa kijiji ulichoka. Uliamua kwamba ng'ombe akikutwa tena ndani ya shamba, wafugaji wote wafungashe. Hapo ndipo Kabula, anayefanya kazi kwenye karakana ya elektroniki kule Kibaha, aliposimama na kuomba nafasi. Ng'ombe wa mbele huvaa kengele, alisema. Atatengeneza kifaa cha kuitambua kengele hiyo na kupiga king'ora kabla kwato hazijakanyaga shamba. Walimpa mpaka mvua za vuli.

Magembe ndiye aliyemwazima kengele za kufanyia majaribio. Alizivua mwenyewe shingoni mwa ng'ombe, akamwekea mkononi. "Chukua. Ng'ombe wangu wana adabu kuliko watoto wa watu. Mashine yako itakaa kimya mpaka ishikwe na kutu."

Kabula alimwamini. Tangu utotoni hakuwahi kumsikia baba yake akisema uongo, na kwa kweli hicho ndicho kilichomsukuma. Alitaka kijiji kizima kione kwamba baba yake amesingiziwa.

Bi Hajira alimfuata pale penye nguzo wengine walipokuwa wanaokota mandazi. "Binti, nitakuvumilia mara moja tu. Tena si kwa ajili yako. Nimechoka kulala na jembe."

"Ahsante, bibi. Nitakirekebisha."

"Kirekebishe, ndiyo. Lakini kijue ng'ombe na baiskeli si ndugu."

Karakana iko Misugusugu, huko Kibaha, kando ya barabara, baina ya fundi wa matairi na mama wa chipsi. Mwenyewe ni Didas, mtu mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Alisikiliza habari ya mandazi, akacheka hadi akatosheka, kisha akaketi.

"Sasa sikiliza, Kabula. Umeandika kwa Python, Python imeshindwa. Basi. Maana yake haiwezekani."

"Maana yake Python imeshindwa."

"Unataka kufanya nini?"

"Kuandika moduli kwa C."

Didas aliweka chini bisibisi. "C? Ile ya kuvunja watu mioyo? Dada, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Basi nitachechemea," alisema Kabula, akavuta kompyuta karibu.

Tatizo alilijua. Ndani ya ile bodi ndogo, ubongo wa kidude, iliishi Python ndogo, iliyopunguzwa ili itoshe kwenye vifaa vya namna hiyo. Ni lugha ya kompyuta yenye adabu. Inakufagilia nyumba bila kuombwa, kumbukumbu isijae takataka. Ila inachagua yenyewe wakati wa kufagia, na ikishika ufagio haimsikii mgeni hata akigonga mlango. Zaidi ya hapo ina mwendo wa maharusi. Mlio wa kengele unapita upesi, na anayetaka kutofautisha chuma cha ng'ombe na cha baiskeli lazima ausikilize kwa vipande vidogo mno. Python ilikuwa inaokota kimoja na kuangusha vingine, kisha inabahatisha.

C ndiyo lugha iliyotumika kuiumba hiyo Python. Kabula alitaka kuingia jikoni kwenyewe: aandike sikio kwa C, alipe jina ambalo Python italitambua, kisha aijenge upya programu nzima ya bodi, sikio likiwa ndani yake kama kiungo cha kuzaliwa. Python ibaki na kazi ya kuuliza, umesikia? C ibaki na kazi ya kusikiliza.

Aliandika, akaijenga, akaipakia. Bodi ilikufa. Haikulalamika, haikutoa hata ujumbe wa kosa. Taa yake ilizimika tu. Alibadilisha kitu, ikafa tena. Hicho ndicho alichokichukia katika C, na alikichukia kwa moyo wote. Python ukiikosea inakugombeza kama shangazi, inakuonyesha hata mstari. C inanyamaza na kukuacha na maiti.

"Nunua kifaa kilichokamilika," Didas alimwambia. "Wachina wameshafikiria kila kitu."

"Wachina hawajaisikia kengele ya Msukuma."

Mteja aliyekuja kuchukua redio alicheka. Kabula hakuwa anatania. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilimsaidia, maana kila aliposhauriwa kuacha aliusoma upya mstari ambao angeuruka. Ndivyo alivyolipata kosa. Moduli yake, yaani lile sikio, katikati ya kusikiliza ilikuwa inaiomba Python nafasi ya kuwekea sauti, na mara nyingine ikaiomba wakati ule ule ambapo Python imeshika ufagio. Wote wawili wanagandana hapo mlangoni. Basi asiombe! Alitenga nafasi mapema, bodi inapowaka tu, akaikabidhi kwa C iwe yake daima, na akajenga upya.

Taa iliwaka, ikabaki inawaka. Kabula alipiga kengele ya baiskeli ya mteja. Kimya. Akagonga mfuniko wa sufuria ya mama wa chipsi. Kimya. Kisha akaitikisa kengele ya baba yake, na king'ora kililia hadi Didas akaruka na kuunguza kidole kwenye pasi ya kulehemu.

"Haya, umeshinda," alisema akikinyonya kidole. "Ila ukienda huko wakakucheka tena, mimi hunijui."

Kabula alirudisha kengele kwa baba yake na kidude kwenye nguzo. Muuza mandazi alipita akapiga kengele kwa makusudi, mara nyingi, na nguzo haikumjibu. Watu wakaanza kuisahau.

King'ora kililia alasiri moja, jua likiwa bado kali, Kabula akiwa uani kwa Bi Hajira akimsaidia kumenya mihogo. Walikimbia pamoja. Ng'ombe walikuwa wanatoka kwenye kichaka, wamekondeana kwa kiangazi, na yule jike wa mbele alikuwa ameshakaribia safu ya kwanza ya mihogo. Aliposikia king'ora alisimama. Nyuma yao alikuwapo mchungaji, na fimbo yake haikuwa ya kuwarudisha. Ilikuwa inawasukuma mbele. Alikuwa Magembe.

Kabula alitamani, kwa nguvu zilizomwaibisha, kwamba bodi ingekufa tena.

Bi Hajira alitembea hadi mpakani, akainama, akakagua. "Hawajakanyaga hata shina," alisema. "Wakiniuliza mkutanoni nitasema nilichokiona. Hawajaingia." Alimtazama Magembe kidogo. "Mshukuru binti yako, mzee." Kisha akaenda kukizima king'ora.

Baba na binti walibaki na ng'ombe.

"Shikamoo, baba."

Magembe hakuitikia. "Nimekupa kengele zangu kwa mkono wangu," alisema taratibu, "wewe ukaenda kunitengenezea mbwa wa kunibwekea."

"Anambwekea kila ng'ombe mwenye kengele, baba. Leo amekuokoa usihamishwe."

"Ng'ombe wanakufa, Kabula! Wewe unakula chipsi Kibaha, mimi nawasikia wakilia kwa njaa. Kizime hicho kitu. Si kinakutii wewe?"

"Kinanitii. Sikizimi." Alisimama kati ya ng'ombe na mihogo. "Uliniambia hawaingii. Nilikuamini, nikasimama mbele ya watu."

Magembe alimtazama, akatazama nguzo. Kisha aling'oa fungu la nyasi kavu, akamshika pembe yule ng'ombe wa mbele, akazisokomeza nyasi ndani ya kengele yake, moja kwa moja, mbele ya macho ya binti yake. Ng'ombe alitikisa shingo. Hakukutoka sauti.

"Haya," alisema. "Sasa mwambie asikie."

Kabula alifuta uso kwa mkono wa gauni. "Ziba, baba. Ziba zote. Nitaandika programu nyingine ya kusikia kwato."

"Na kwato nikizifunga matambara?"

"Zifunge. Utachoka wewe kwanza."

Kundi lilikuwa limeanza kujigeuza lenyewe kurudi kichakani. Magembe aliikamata kengele ya ng'ombe wa pili, akang'oa nyasi nyingine, akasimama nazo mkononi. Binti yake alikuwa ameshachuchumaa. Alikuwa amelaza kiganja mchangani, macho ameyafumba, ng'ombe wakimpita pembeni mmoja mmoja.